Bi Sikio Alipokagua Gari la Mdogo Wake

Shangazi yangu alikuwa hanunui hata sufuria bila kuigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza inavyolia. Mtaani walimwita Bi Sikio, na wageni waliposikia jina hilo walidhani ni mmbea. Hakuhangaika kuwasahihisha. "Mmbea anasikiliza ya watu," alisema, "mimi nasikiliza ya magari. Gari halisingizii mtu."

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mume wake, dereva wa teksi, alifariki mapema, akamwachia watoto wadogo na gari kuukuu lililoegeshwa chini ya dirisha la chumba chao. Ukoo mzima ulimshauri aliuze. Yeye akajifunza kuliendesha, akaenda kupanga foleni kwenye kituo cha teksi pamoja na wanaume. Mwanzoni abiria walichungulia, wakaona mwanamke kwenye usukani, wakahamia gari la nyuma. Alikuwa akishona vifungo vya mashati ya watoto huku akingoja. Baadaye wakaanza kumtafuta wenyewe, hasa akina mama wenye vichanga, kwa kuwa alikuwa harukii mashimo wala hashindani na mtu barabarani.

Gari la marehemu lilipochoka kabisa, alinunua jingine, dogo, la milango minne, linalometa kama kikombe kipya. Akalipenda kwa macho. Mvua za kwanza zilipoanza, taa zikawa zinawaka zenyewe, na jua lilipochomoza viti vikanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Lilikuwa limewahi kuzama kwenye mafuriko, likakaushwa na kupakwa rangi. "Nilinunua rangi," alizoea kusema, "gari nikapewa kama nyongeza."

Hakukaa kulia. Alikwenda kwenye gereji ya fundi mmoja mwenye mdomo mkali, akasimama kando kumtazama. Fundi akamfukuza. Kesho yake akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi tena, hadi fundi akachoka akampindulia debe tupu la oili akae. Swali la shangazi halikuwa namna ya kutengeneza. Kila gari lililoletwa limekufa, alimuuliza mwenye gari: "Lilianzaje? Kabla halijakugomea, lilikuwa linakwambia nini?" Watu walieleza mlio ambao hawakuujali, harufu iliyowapitia puani, usukani uliovuta kidogo upande mmoja. Hayo ndiyo aliyoyakusanya kichwani miaka na miaka.

Magoti yalipomtoa kwenye teksi, ndipo alipoanza kuitwa. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, alimfuata kwanza. Alikuwa na kasoro zake: alikuwa mbishi, alichelewesha watu, na ukimharakisha ndio kwanza anavua miwani na kuifuta. Lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba Bi Sikio alimwingiza mkenge.

Basi siku moja mkunga wa mtaa wa pili alimjia. Alikuwa mwanamke mpole, aliyewazalisha nusu ya akina mama wa eneo letu, na alikuwa amechoka kutembea na mkoba wake kwenye matope. Dalali alikuwa amempatia gari.

"Lilipo sipajui, Mama," alimwambia shangazi. "Dalali atatupeleka. Nilichomwomba ni kimoja tu, kama ulivyoniagiza: mtu asiliwashe kabla hatujafika."

Asubuhi hiyo nilikuwa uani nafua. Nikawaona wanakunja kona ya kwetu, dalali mbele anapunga mikono, mkunga nyuma, na shangazi wa mwisho na mwendo wake wa kusitasita. Alipoliona gari letu mlangoni na baba amesimama pembeni yake na kitambaa, alisimama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baba anauza. Baba yangu ni seremala. Alitaka kuachana na gari dogo apate la kubebea mbao, na nadhani alikusudia kumwambia dada yake mambo yakishakwisha.

"Dada," alisema baba. "Karibuni."

"Kumbe ni nduguyo!" Mkunga akashusha pumzi, uso ukamchangamka. "Basi mimi sina la kukagua tena. Tuandikiane tu."

"Si ndiyo hayo," dalali akadakia. "Bi mkubwa, gari limetoka nyumbani kwenu. Utalichunguza nini?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Mwanangu," alimwambia mkunga, "uliniita kwa ajili ya gari. Hukuniita kwa ajili ya ukoo."

Akaenda moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha pale kidogo.

"La moto," alisema.

"Nililisogeza tu kutoka kivulini," baba akajibu.

"Sawa. Tutangoja lipoe. Injini ya moto ni kama mgonjwa aliyeshakunywa dawa, huwezi kujua homa yake."

Wakaingia ndani. Nikapika chai. Dalali alitazama saa, mkunga akaulizia afya za watu wote wa nyumba, hata ya paka. Baba alikoroga kikombe ambacho sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Shangazi peke yake ndiye aliyekunywa kwa raha.

Walipotoka, alianza na mwili. Alijiinamisha kwenye kona ya nyuma akatazama ubavu wa gari kwa mstari mmoja hadi mbele, kama seremala anavyotazama ubao kama umepinda. Akapitisha kidole kwenye nafasi za milango kuona kama ziko sawa. Akainua zulia chini ya viti, akanusa. Akatazama tairi, zimeliwa sawasawa. Akatazama mpira wa pedali ya breki, umechakaa kwa kadiri ya safari ambazo mita ilikiri. Kila lililo jema alilitamka kwa sauti, mkunga asikie.

"Halijagongwa. Halijalala majini. Breki amezitunza, mdogo wangu ni mwoga wa mteremko tangu utotoni."

Hata baba alitabasamu.

Kisha akaniita nimshikie miwani, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena, akakitazama. Akamwambia mkunga aketi kwenye usukani awashe, yeye akasimama nyuma penye bomba la moshi. Gari liliwaka vizuri, likanguruma kwa adabu. Moshi mweupe ukatoka, ukaendelea kutoka hata pale ambapo ulipaswa kukoma, na ulikuwa na harufu tamu kidogo.

Alirudi mbele taratibu. "Mdogo wangu," alisema, bila kupandisha sauti, "unaliongezea maji?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kila lini?"

Baba alitazama kitambaa mkononi.

"Kila asubuhi," alisema.

Shangazi akamgeukia mkunga. "Gari ni zuri, na mwenye gari nampenda. Lakini gasketi ya silinda hedi imeungua, maji na oili vinatembeleana. Leo litakupeleka sokoni na kukurudisha. Siku utakayoitwa mbali kwa mzazi, litakuacha njiani. Usilinunue hivi lilivyo. Likitengenezwa, niite tena."

Mkunga aliaga kwa aibu, kama aliyekosa yeye. Dalali aliondoka akinung'unika kwamba kazi za kuita ndugu ndizo hizo. Walipokwisha kupotea kwenye kona, baba akafunguka.

"Damu ni nzito kuliko maji, dada. Wewe leo umeniaibisha mlangoni kwangu."

"Damu ni nzito, ndiyo," alijibu shangazi. "Sitaki mtu aliyekwama na gari, huku mzazi anamngoja, ailaani damu yetu."

"Ungeniita pembeni."

"Hilo kweli," alisema shangazi. "Ningekuita pembeni. Lakini jibu lingekuwa lile lile."

Baba hakumsindikiza. Kwa majuma kadhaa hakumtaja. Shangazi hata hivyo aliendelea kuja kila Jumapili kama kawaida yake, akakaa jikoni na mama, akachambua mchele, akauliza habari za watoto wa shule. Baba alipopita, shangazi alimsalimia, naye akajibu salamu, basi. Mama alijaribu kusuluhisha, shangazi akamkataza. "Mwache. Chuma cha moto hakishikwi."

Baba mwenyewe ndiye aliyelipeleka gari gereji. Sikuwepo fundi alipofungua injini, ila nilimwona baba aliporudi. Alikuwa na ile gasketi ameifunga kwenye gazeti, nyeusi, imeliwa ukingoni kama mkate ulioungua. Fundi alikuwa amemwambia kwamba hedi yenyewe imeanza kupinda, na safari moja ndefu yenye milima ingeiua injini. Aliiweka mezani, akaitazama wakati wote wa chakula. Alipomaliza kunawa, alichukua gazeti lake akaenda kwa mkunga, bila dalali. Mama alimuuliza alikwenda kusema nini. "Nimemwonyesha tu," alisema.

Mkunga akakubali kuliona tena. Jioni kabla ya siku waliyopatana, baba alikwenda kwa shangazi akiwa na ufunguo wa gari. Nilifuatana naye. Shangazi alikuwa kizingitini anakata kucha.

"Kaa nao," baba alimwambia, akampa ufunguo. "Asije mtu akasema limewashwa."

Shangazi aliutazama, akaufunga kwenye pindo la khanga. Akasogea kidogo kizingitini, baba akaketi. Walizungumza mambo ya marehemu bibi yangu, nani alikuwa akichapwa zaidi kati yao. Sikumbuki kama kuna aliyeomba radhi.

Asubuhi, boneti ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Shangazi hakumpunguzia baba hata chembe. Alirudia yote tangu mwanzo, ubavu, milango, zulia, maji, oili, moshi. Safari hii akataka pia waliendeshe, akaketi nyuma amefumba macho. Walipopanda tuta karibu na shule, akainua kidole.

"Bushi ya mbele kushoto inagonga, mpira wake umekwisha."

Baba alicheka hadi akalazimika kusimamisha gari. "Huyu," alimwambia mkunga, "hata siku ya kuzikwa kwangu atauliza kama jeneza lina mlio."

"Nitauliza," alisema shangazi. "Hasa kama umelichonga wewe."

Bushi ilibadilishwa, gari likanunuliwa. Miaka mingi lilionekana limeegeshwa mbele ya nyumba hii na ile, na watu wakilipita walishusha sauti, wakijua kuna anayezaliwa. Mkunga alijifunza kulifungua boneti kila asubuhi kabla ya kitu chochote, na mlio mpya ukitokea alipitia kwanza kwa shangazi, hata ukiwa ni wa chupa inayobingirika chini ya kiti.

Naye baba, alipokwenda kutafuta gari la mbao, hakwenda peke yake. Walizunguka yadi za kuuzia magari moja baada ya nyingine, yeye akibeba tochi na kipande cha katoni, shangazi akilaza mgongo wake wa kizee juu ya katoni hiyo chini ya magari ya watu. Siku ile niliyokuwa nao, baba alikuwa amekwisha kulipenda moja la bluu. Alikuwa analipapasa bodi, anapima kwa macho mbao zitakavyokaa.

"Vipi, dada?" aliuliza, akiinama.

Sauti ikatoka chini ya chasisi. "Nipe mkono niinuke. Hili halitufai."

Baba akampa mkono.