Nzi Mkavu na Kifungo cha Shati

Vita vilipoingia Bukavu, risasi zilivuka ziwa zikatufikia huku Kamembe, upande wa Rwanda. Nilikuwa naanua nguo. Kipande cha chuma kilinipasua mkono wa kulia, na kidonda kilipopona, kidole gumba na cha shahada vilibaki na ganzi. Mimi ni fundi charahani. Bila vidole hivyo sindano sishiki, na kazi nyingine sikuwa nayo. Nilinuna, hata salamu za watu nilijibu kwa shida.

Chumba cha uani tulikuwa tumempa mzee mmoja aliyekimbia kutoka ng'ambo, Mkristo, mpole, lakini kwa utani humuwezi. Shati lake lilikuwa limeng'oka kifungo cha kifuani, akawa analifunga kwa pini. Jirani yangu, naye fundi, alitaka kumshonea. Akakataa. "Miye nangoja fundi yangu," akasema, akinitazama. Nilikasirika kweli. Niliona ananicheka.

Tulipochinja jogoo wa Idi, mzee aliomba manyoya ya shingo. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la Wazungu milimani Kivu, penye vijito vya baridi na samaki waitwao truite. Huko alijifunza kufunga nzi mkavu: unazungushia ndoana unyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu, kisha inaelea juu ya maji, samaki anaidaka. Ziwani kwetu truite hakuna, ila mzee alisema samaki wa kudaka wadudu hawakosekani popote.

"Maman, vidole vinaomba kazi kidogo-kidogo," akaniambia. "Kuya tufunge pamoja."

Tulikaa uani, karibu na mama yangu aliyekuwa akichambua maharage. Mzee alishika ndoana kwa koleo, mimi nikazungusha uzi. Nilifunga kama ninavyofunga kifungo cha koti, raundi juu ya raundi, fundo juu ya fundo, kitu kising'oke mpaka koti lenyewe lichakae. Tukamtia nzi kwenye beseni la maji. Akazama pale pale. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Maman, hii inzi umeivalisha koti. Punguza uzi."

Kupunguza ndiko kulikonitesa, maana tangu usichana wangu nilifundishwa kukaza. Nilisusa, nikarudi, nikasusa tena. Ndoana ilinichoma mara nyingi, na sikujua mpaka nione damu kwenye manyoya. Mzee alikuwa akiifuta, ananipa unyoya mwingine. Mimi na hasira zangu zote, hakunichoka hata siku moja. Mpaka leo namwombea.

Asubuhi moja nzi wangu akaelea. Nikaanza wa pili, macho bado yako kwenye beseni.

"Imeniuma," nikasema.

"Nini?"

"Ndoana."

Kidole nilikuwa sijakiangalia. Tukakiangalia sote, na mama naye akaacha maharage. Tone la damu lilikuwa dogo sana. Nikaanza kulia, na mama akalia pia, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Mzee aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka amevaa singlendi, shati mkononi, na kifungo chake alichokuwa amekitunza siku zote hizo. Akaniwekea mapajani.

"Hapa sasa," akasema, "kaza na nguvu yako yote."

Nilikaza mpaka uzi ukaniishia.