Siku Nilipoiimbia Kamati ya Ukaguzi

Wapendwa, Mungu amenivumilia, nanyi mnivumilie. Ofisi moja ya serikali ilitafuta mtu wa nje, asiye mtumishi wake, aketi kwenye kamati inayosimamia ukaguzi na hatari. Mimi, inspekta mstaafu wa shule, nilikitamani kiti kile, nikaomba. Barua ya Kifaransa ikanijibu: nije Jumanne kwa "audition".

Nilirukaruka kama mtoto! Katika kwaya yetu, audition ni kumpima mwimbaji sauti. Nikawaza: serikali imepata hekima, inataka mtu ambaye sauti yake haitetemeki. Mke wangu akanichemshia tangawizi wiki nzima.

Jumanne nikaingia ofisini mwao, watu watano mezani. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akasema, "Bon, Papa, tunakusikiliza."

Nikaimba wimbo wa kwaya yetu, beti zote nne, mkono kifuani. Kwenye kiitikio karani wao akanitilia sauti ya besi.

Mama akavua miwani, akafuta machozi. "Aksanti, Papa. Sauti iko muzuri kabisa. Alors, waziri akificha ripoti, utafanya nini?"

"Mama, swali hilo nalo ni la audition?"

"Papa, audition ni maswali tu. Wimbo, ni wewe mwenyewe umetuongezea."