Ndege ya Rangi ya Majani

Mume wangu Mugeta hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anakunywa anazunguka. Kazi yake ni kuandika vibao hapa Bunda: maduka ya Manyamanyama, bajaji, majina ya mitumbwi kule Kibara. Akishika brashi mkono umetulia kabisa. Akiiweka chini tu, miguu inaanza.

Kinachomzungusha ni ndege. Si za abiria. Ni ndege za vita, zile Migi za wakati wa vita vya Kagera. Anazichonga kwa mti wa mkonge uliokauka, mabawa anakata kwenye debe la mafuta ya kupikia, tairi anatoa kwenye ndala zangu. Nasema zangu kwa sababu zake hakati. Zinaning'inia jikoni, zimejaa juu ya kabati, moja niliikuta kwenye ndoo ya unga. Wageni wanafikiri anauza. Hauzi. Anatafuta ndege moja tu, na kila anayoimaliza anaiona siyo.

Habari yenyewe ni ya baba yake, Mzee Burito. Wakati wa vita vile alikuwa kijana wa mgambo kijijini kwao, kando ya ziwa upande wa Kibara. Alipewa filimbi na kazi moja: ndege ikipita, tazama alama yake. Ikiwa ya Amini, puliza, watu wajifiche. Aliyeitunga kazi hiyo alikuwa amekaa ofisini. Migi zilikuwa kwetu na kwa Amini pia, sura ile ile, mlio ule ule. Kilichozitenga ni rangi iliyopakwa. Za kwetu rangi za bendera yetu, na kijani imo. Za kwao nyeusi, njano na nyekundu. Sasa wewe simama chini, jua machoni, chuma kinakupita kichwani kwa kasi ile, useme ni ya nani.

Siku ya harusi ya kaka yake, Stanislausi, ndege ikapita chini chini. Burito akapuliza. Watu wakaingia mihogoni, sufuria za wali zikapinduka, bwana harusi akaruka mawe akavunjika mguu. Baadaye ikajulikana ndege ilikuwa yetu. Burito akawekewa kikao, akaulizwa aliona alama ya rangi gani. Akajibu, "Niliona majani."

Hapo ndipo alipojimaliza. Rangi ya majani si kijani? Kijani si ya kwetu? Basi aliiona ni yetu akapuliza makusudi. Na sababu wakamtafutia: ng'ombe wote wa baba yao walikuwa wametoka kwa mahari ya Stanislausi, mdogo mtu akabaki anakodoa macho. Wivu, wakasema. Burito akahamia Butiama, akaoa huko, akalima huko. Kijijini kwao mpaka leo wanamwita Filimbi. Stanislausi alichechemea hadi alipofariki mwaka jana, na mdogo wake hakwenda kuzika. Hakuitwa.

Mwaka huu Enos, mtoto wa kwanza wa Stanislausi, akaamua kulijengea kaburi la baba yake na kusimamisha msalaba. Mzee Burito akatuma neno kwamba anataka kuwepo. Jicho lake moja limeshakufa na la pili linafuata. Alitaka alione kaburi la kaka yake wakati bado anaona. Mugeta akampigia Enos, simu kwa sauti kubwa, yeye anazunguka karo la kufulia.

"Aje," Enos akasema. "Ila asimame mbele za watu aseme alipuliza makusudi. Akija na habari za bahati mbaya, arudi nazo."

"Enos, yule ni baba yako mdogo."

"Baba mdogo nasikiaga ninaye. Mimi ninayemjua ni Filimbi."

Mzee aliposikia akasema hawezi kukiri jambo ambalo hakulifanya, hata kwa kaburi. Basi Mugeta akachanganyikiwa zaidi. Akaenda Musoma kumwuliza mwanajeshi mstaafu, akarudi na picha zisizopatana: moja ina duara kwenye bawa, nyingine ina bendera mkiani. Akapaka, akakwangua, akapaka. Nikamwambia, "Baba yenu ataishiwa jicho wewe unakwangua. Kamlete aangalie mwenyewe."

Akamleta kutoka Butiama, akamkalisha uani, akaining'iniza ndege kwenye kamba ya nguo.

"Baba, ni hii?"

"Siyo."

Akaongeza kijani.

"Sasa ndiyo umeharibu kabisa," Mzee akasema.

"Si ulisema majani?"

"Nilisema. Na bado nasema."

"Sasa Baba, ndiyo haya niliyopaka."

"Mugeta, usinichoshe."

Mimi nilikuwa namimina chai. Mzee akachungulia kikombe akanirudishia. "Mama, leo majani umebania."

Nikasimama na chupa mkononi. Miaka yote niliyokaa kwenye ukoo huu sijamsikia baba mkwe akiita nyasi majani. Nyasi anaita nyasi. Mchicha anaita mboga. Kijani anasema kijani kama watu wote. Majani kwake ni kitu cha dukani.

"Baba," nikamwuliza, "majani uliyoyaona kwenye ndege ni yapi?"

Akaniangalia kama anayemhurumia mwanawe aliyenioa. "Si unayo kwenye kopo?"

Nikaleta kopo, nikamwaga majani ya chai kiganjani. Meusi yenye wekundu.

"Haya?"

"Haya. Niliwaambia majani, wakaitikia. Nikajua wamenielewa."

Mugeta alisimama. Nasema alisimama, hakuzunguka. Kisha akasema polepole, "Baba aliona wekundu. Wekundu ni wa Amini. Ndiyo maana akapuliza." Akainama, akachota vumbi la uani, hili jekundu linaloharibu nguo zangu, akalipuliza juu ya kijani kabla rangi haijakauka. Kijani ikafifia, ikageuka chai. Akaipandisha ndege kwenye kamba. Mzee akaitazama kwa jicho lake.

"Hiyo. Hiyo ndiyo ilinipita."

"Hakuna anayejua kama ile ndege ilitua kwenye vumbi," nikamwambia Mugeta. "Enos atakwambia umejitungia."

"Atungue vumbi. Neno hawezi kulitungua."

Siku ya kaburi tukaenda Kibara na Mzee. Fundi alikuwa ameshakoroga saruji, na msalaba umelazwa pembeni. Enos akatutazama, akamtazama mume wangu na ndege kwapani.

"Umeniletea mwanasesere?"

Mugeta akaeleza, anazunguka kaburi la watu mpaka nikamvuta shati. Kopo, vumbi, kiganja, vyote akavisema. Enos akaichukua ndege, akaiinua juu ya kichwa, akaitazama kutoka chini. Akairudisha.

"Maneno ya kufundishana njiani haya," akasema. Akamgeukia Mzee ghafla, akanyoosha kidole kwenye mihogo iliyo nyuma ya kaburi. "Mzee, ile kule rangi gani?"

"Ya mihogo? Kijani."

"Na majani?"

Mzee akageuza shingo kuelekea jikoni kwa Enos. "Kwani chai imeiva?"

Watu wakacheka. Wanawake waliokuwa wanapika wakacheka zaidi, mmoja akasema mwacheni mzee wa watu apewe kikombe. Mzee hakujua wanachocheka, akabaki amesimama na kofia mkononi, uso umemshuka, kama mtu aliyezoea kuchekwa mahali hapo.

Enos hakucheka. Fundi akasema saruji inakauka.

"Neno la makusudi nimelifuta," Enos akasema. "Mguu wa baba sijaufuta."

"Na mimi sijaufuta," Mzee akajibu. "Nilipuliza vibaya. Kaka yangu akaumia."

"Basi njoo ushike huku, baba mdogo."

Wakausimamisha msalaba, Enos upande mmoja, Mzee Burito upande wa pili, fundi akimimina na kushindilia chini. Alipomaliza akawaambia umeshika, wanaweza kuachia. Enos akaachia, akajifuta mikono. Mzee akasema bado, anausikia unacheza, na akaendelea kuushikilia.