Mkono wa Gauni Ukurasa wa Mbele

Kwenye meza yangu nimeweka bango: KUSOMA VICHWA VYA HABARI BURE, MWISHO VITATU. Nililiandika kwa hasira na hakuna anayelitii. Naitwa Jovitus, nauza magazeti Kabanga, hatua chache kutoka lango la kwenda Burundi, na wateja wangu wengi si wateja. Ni watu wanaofunga mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele za magazeti yote sita kuanzia kushoto hadi kulia, wanabishana, wanasonya, halafu wanaondoka zao. Kiongozi wao ni fundi cherehani anayeitwa Domisiana. Kwa miaka kumi na sita meza yake na yangu zimekaa chini ya baraza moja, na hakuwahi kununua gazeti kwangu hata siku moja. Nampenda sana huyo mama. Nikimwambia hivyo ananirushia kifungo.

Lazima nieleze kwanza jinsi tunavyosoma magazeti huku. Yanatufikia saa kumi jioni kwa basi la kutoka Mwanza. Asubuhi redio imeshasoma vichwa vyote, kwa hiyo saa kumi ikifika hakuna mtu Kabanga asiyejua maneno. Kinachosubiriwa ni picha, kwa sababu redio haiwezi kuisoma picha. Na mwaka wa uchaguzi, picha ndiyo ugomvi wenyewe.

Ugomvi wa kwanza niliushuhudia wenyeviti wa vyama viwili waliposhikana mashati mbele ya meza yangu, kila mmoja akidai mgombea wake ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Domisiana akaacha kaptula ya shule kwenye mashine, akaja na tepu yake shingoni, akapima. Kidevu hadi mwisho wa nywele: inchi tatu na robo. Mwingine inchi tatu kasoro. Akaandika kwa chaki juu ya meza yangu, bila kuniomba ruhusa, na wenyeviti wakaachiana mashati. Tangu siku hiyo yeye ndiye hakimu wetu, na sheria zake zinajulikana mpaka ng'ambo. Kofia haihesabiwi. Picha iliyo juu ya mkunjo wa gazeti inahesabiwa mara mbili. Picha ya kwenye simu haikubaliki kabisa.

"Kwenye simu hakuna inchi," husema. "Ukimtanua kwa vidole, hata mimi naweza kuwa na uso mkubwa kuliko rais."

Anayeumia na sheria hiyo ni Niyonkuru, mama wa Kirundi anayebadilisha fedha hapa mpakani. Niyonkuru hana kura Tanzania, lakini ana maoni kuliko kata nzima, na simu yake ni kubwa kama daftari.

Nami nina maoni yangu, ingawa yangu ni ya kibiashara. Mtu akitangaza kugombea urais, gazeti la nembo nyekundu linaandika ATIKISA. La bluu linaandika MOTO WAWAKA. La njano linaandika SIRI NZITO, na ukifungua ukurasa wa tatu, siri yenyewe ni kwamba mgombea alipanda gari, akaenda, akarudi. Nimeuza ATIKISA za kutosha kubomoa milima yote ya Ngara, na bado Kabanga hakijamwagika hata kikombe kimoja cha chai. Lakini watu wanazipenda, na mimi nina watoto wa kulisha, basi nazitundika kwa vibanio na kuita kwa sauti, "Atikisa! Atikisa!"

Domisiana hasomi hayo. Anaangalia nguo. Katika miaka yote hiyo amegundua jambo ambalo sidhani hata wapiga picha wenyewe wameliona. Kila anayechukua fomu ya urais hupigwa picha akiinua mkoba wa fomu juu ya kichwa. Na mkono ukipanda, nguo inapanda nao. Mwanamume koti linamfika masikioni. Mwanamke mkono wa gauni unateleza hadi kwenye kiwiko, na gauni lenyewe linakimbilia magoti.

"Jovitus, njoo uone," ataniita, kidole kikiwa juu ya picha. "Huyu anataka kuongoza nchi nzima, na kwapa tu limemshinda."

Nitacheka mpaka nishike nguzo. Yeye hacheki. Kwake hilo ni jambo zito, na sababu yake ipo Kasulo.

Kasulo anaishi mama yake, Bibi Benedicta, mwenye miaka themanini na kitu. Bibi alishona vitambaa vya altare kwa mkono maisha yake yote, na ndiye aliyemfundisha Domisiana kushika sindano. Kila nguo ambayo binti yake anampelekea, Bibi haiangalii kwa nje. Anaigeuza ndani, anapitisha kidole kwenye mshono, anapata kosa, analitaja, kisha anasema, "Si vibaya." Domisiana amesikia "si vibaya" kwa miaka thelathini. Ana miaka hamsini na nne, ana wajukuu, amevalisha nusu ya wanafunzi wa tarafa hii, na bado akirudi kutoka Kasulo unajua siku hiyo usimwombe hata sindano.

Sebule ya Bibi imebandikwa magazeti ukutani kuzuia vumbi, ila habandiki ovyo. Ukurasa hupanda ukutani pale tu Bibi akiona unastahili kuamkiwa kila asubuhi. Mpaka mwaka jana walikuwepo Baba Mtakatifu mmoja, maaskofu wawili, na ng'ombe aliyezaa mapacha watatu.

Sasa, mwezi wa saba wa mwaka wa uchaguzi, akaja Mwalimu Josefina. Ni mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Nyamigogo kule Biharamulo, aliyemfundisha Projestus, kijana mkubwa wa Domisiana. Alikuja na kitenge cha kijani chini ya kwapa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta pumzi.

"Mama Projestus, chama kimeniteua. Nagombea urais."

"Wa chama cha akiba na mikopo?"

"Wa Jamhuri ya Muungano."

Gazeti likanidondoka mkononi. Chama chake ni kidogo, ofisi yake ya wilaya ni chumba kimoja wanachogawana na kinyozi. Domisiana hakuuliza sera wala ilani. Alimtazama Mwalimu kuanzia mabega hadi viganja, macho yanamwaka.

"Mkoba unauinua lini?"

"Mkoba gani?"

"Wa fomu, Mwalimu! Dodoma! Juu ya kichwa!"

Wiki tatu zilizofuata mimi sikuuza kitu, nilikuwa natazama sinema. Domisiana alikata mkono wa gauni mara nne. Alitia kipande cha pembe nne kwapani ili mkono upande bila kuliburuta gauni, na kwenye kifundo akaweka kikunjo kipana chenye vifungo vitatu vilivyofunikwa kwa kitambaa, kila kimoja kwa uzi wa mkono, mshono ule ule wa vitambaa vya altare. Halafu mazoezi. Mwalimu alisimama barabarani amevaa gauni la kijani, ameshika furushi la magazeti yangu ambayo hayakununuliwa, na Domisiana anapiga makofi: "Juu! Shusha! Juu! Tabasamu! Shusha!" Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya forodha wakapiga honi. Askari mmoja akauliza kama hayo ni mazoezi ya kwaya. Mkono ulipanda na kushuka mara hamsini na haukuteleza hata kidogo.

Jumapili Domisiana akaenda Kasulo kumwambia mama yake kwamba safari hii kazi yake itatoka ukurasa wa mbele.

"Nitaamini nikiiona," Bibi akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Aliporudi hakuninunia. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu na kusema kwa sauti ya chini, "Jovitus, isipotoka hiyo picha, mimi sitapeleka tena nguo Kasulo. Nimechoka."

Mwalimu alichukua fomu siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi redio ikasoma vichwa vyote sita, na kuhusu sisi ikasema maneno machache tu: wagombea wa vyama vitatu wachukua fomu. Basi. Hakuna jina. Domisiana alishona suruali ya mteja akaziba miguu yote miwili chini. Niyonkuru akaja mbio na simu yake, amezipata kurasa za mbele. Domisiana akafumba macho na kuziba masikio, kama vile picha inaweza kumwingia kwa sikio. Simu yenyewe ilikuwa imeshahamia mtandao wa Burundi, ukurasa umefunguka robo tu, na kilichoonekana ni nembo ya gazeti na anga.

"Anga ni zuri," Niyonkuru akamfariji.

Saa kumi basi halikufika. Saa kumi na nusu, hakuna. Baraza lilikuwa limejaa: watu wa forodha, mama wa ndizi, wenyeviti wale wawili, wote wakijifanya wamepita tu. Saa kumi na moja kasoro basi likaingia, kondakta akanirushia furushi, nikakata kamba kwa meno badala ya kutafuta kisu. Mimi, muuza magazeti wa miaka yote hii!

La nyekundu: ATIKISA. Mgombea mkubwa, uso inchi tano na robo, rekodi mpya. La bluu: MOTO WAWAKA. Huyo huyo, kwa pembeni. La tatu lilikuwa na mpira. La nne lilimweka Mwalimu chini kabisa karibu na bei ya gazeti, kichwa peke yake, mdogo kama stempu, gauni limekatwa shingoni. Watu wakasema "Aaah." La tano mpira tena. Domisiana alikuwa amesimama, tepu ameishika kwa mikono miwili. Nilitaka kulificha la sita. Kweli nilitaka.

Nikalitundika.

Gazeti la njano, nusu yote ya juu ya ukurasa, juu ya mkunjo: mkono. Mkono wa kijani umepanda kuanzia kwapani, umenyooka, umeshika mkoba wa fomu. Mkoba umeufunika uso wote wa Mwalimu, hata sikio halionekani. Nyuma yake, kwa mbali, wagombea wawili wa kiume, makoti yamewafika masikioni. SIRI NZITO, kichwa cha habari kiliandika, na safari hii naliunga mkono lile gazeti, kwa sababu aliyekuwa kwenye picha hiyo tulimjua sisi tu. Kipande cha kwapani kilionekana. Kikunjo kilionekana. Vifungo vitatu ungeweza kuvihesabu.

Domisiana akapima. Kwapa hadi kifundo.

"Inchi saba na nusu," akasema. Kisha akakumbuka sheria yake mwenyewe. "Juu ya mkunjo. Kumi na tano!"

Hapo ndipo Kabanga ilipotikisika kweli. Niyonkuru alipiga vigelegele mpaka walinzi wa upande wa pili wakatoka kibandani. Wenyeviti wale wawili wakapeana mikono, nadhani kwa bahati mbaya. Mimi nilicheza na kibanio cha gazeti mdomoni. Katikati ya kelele simu ya Domisiana ikaita, akaiweka sauti ya nje. Alikuwa Mwalimu, kutoka Dodoma, karibu kulia.

"Mama Projestus, wamenificha! Nimetoka bila uso!"

"Mwalimu, umetoka vizuri mno!"

"Nani atanijua?"

"Mwalimu, koti la mwenzako limepanda mpaka masikioni. Wewe umetulia. Nchi nzima imeona umetulia!"

Kisha tukamsikia Mwalimu anaanza kucheka, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka simu ikakatika. Domisiana akafungua kibindo akanunua magazeti matatu. Yalikuwa ya kwanza kununua kwangu tangu tujuane, hata nikasahau kumrudishia chenji.

Kesho yake asubuhi nilifunga meza na kupanda naye gari kwenda Kasulo, maana nisingekubali kuikosa. Bibi Benedicta alikuwa uani kwenye mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye anayekupotezea muda na magazeti?"

Domisiana alimpa mama yake miwani, akamtandikia gazeti mapajani, akakaa chini mbele yake. Bibi akalisogeza karibu na pua. Akatazama muda mrefu sana, hata kuku wakaanza kuzoea kuwepo kwetu.

"Uso wa mwenye gauni uko wapi?"

"Umefunikwa na mkoba, mama."

"Afadhali. Ungetuchanganya."

Akapitisha kidole kwenye kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akafanya lile alilolifanya miaka thelathini: akaligeuza gazeti ndani. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la mbolea na ratiba ya ligi. Akapitisha kidole hapo pia, taratibu, kutoka juu hadi chini, pale ambapo mshono ungekuwa. Nilimwona Domisiana amekaza mabega kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa hesabu. Mimi kicheko kilinipanda mpaka kooni na nikakimeza.

Bibi akaligeuza tena. Akavua miwani.

"Kapike uji wa ngano wa kubandikia," akasema. "Yule ng'ombe ahame."

Domisiana aliingia jikoni, akawasha moto, akawa anakoroga huku machozi yanamtoka na anacheka, na mimi nashikilia sufuria isimwagike. Bibi akatuita kutoka uani, kwa ukali wake ule ule.

"Usiwe mwepesi huo uji! Huo mkono nataka ukae."