Muhuri wa Mfalme wa Hungaria

Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo historia ya Wazungu nilifundishwa na mzee wa Jeddah huku nikimkanda miguu. Alikuwa babake madam wangu kule mtaa wa Al-Safa, mwalimu mstaafu, kisukari kimeshamla macho. Kila alasiri nilimpelekea kahawa na tende. Akishakula, anapanga kokwa kwenye sinia: hawa Wamongolia, wanatoka mashariki na farasi zao; huu ufalme wa Hungaria; huu mto.

Mfalme akapigwa pale mtoni, akatoroka. Kwenye maiti za wakubwa wake Wamongolia wakaokota muhuri wa kifalme. Wakawashika makarani wa nchi ile ile, wakawaandikisha barua kwa jina la mfalme: msiogope, msikimbie, kaeni majumbani. Watu waliokuwa wameshafunga mizigo wakaifungua. Wakachinjwa kwao.

"Wajinga hao, baba," nikasema. "Barua tu?"

"Muhuri waliujua. Wewe ungeamini nini?"

"Miguu yangu."

"Miguu yako iko hapa, inasubiri kuosha choo changu."

Tulicheka sote.

Simu yangu madam aliifungia kabatini siku niliyofika, pamoja na pasipoti. Mwezi wangu wa saba pale akaitoa simu. Dada yake wa Riyadh alitaka mfanyakazi, na wakala wetu wa Nairobi alikuwa na msichana tayari: mdogo wangu, tumbo moja. Ila anasita, anataka kunisikia mimi kwanza. Wakala aliijua kazi yake. Wasichana wa kwetu hawakupanda ndege mpaka wasikie sauti ya mtu wao aliyetangulia.

"Mwambie kuzuri," madam akasema, "halafu uongee na mama yako dakika kumi. Yalla."

Nikarekodi. Nilimwita mdogo wangu kwa jina la utotoni, nikasema nakula, nalala vizuri, na mimi nilikuwa nalala sakafuni kando ya mashine ya kufulia. Nikatia na kicheko, maana nilijua bila hicho hataamini. Zile dakika kumi zilikuwa nne. "Halas," akachukua simu.

Baada ya wiki tatu mdogo wangu alikuwa Riyadh. Yaliyompata nyumba ile atayasema mwenyewe akitaka. Mimi nasema tu kwamba mkono wake wa kulia haukunjuki.

Habari ilipofika Jeddah nilimweleza mzee alichofanya binti yake. Akapapasa sinia, akakusanya kokwa, akaniagiza nikazitupe. Ila yeye hakumuuliza binti yake neno. Basi mzee naye namtaja. Namtaja madam. Namtaja wakala, mtu wa kanisa letu, aliyekuja matangani mama alipofariki baadaye, akakaa kiti cha mbele.

Watu wa nyumbani wanapenda niishie hapo. Wananiambia, dada, hata wewe ulikuwa umefungwa. Lakini wale makarani walishikiwa panga. Mimi nilishikiwa simu.

Niliporudi Kenya, mtu wa kwanza niliyemwendea ni mdogo wangu, aliyekuwa ametangulia kurudi. Nilimkuta anafua kwa mkono mmoja. Nikamwomba msamaha, nikamweleza jinsi madam alivyonisimamia.

"Pasipoti nilikuwa nimeshamrudishia wakala," akasema. "Nilikuwa nimekataa, unajua? Halafu nikakusikia ukicheka."

Nikainama nimkamulie shuka. Akalivuta, akaniambia niliache.