Vipimo Nilivyovitaja kwa Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano, nilipewa daftari. Ilikuwa Kajiado mjini, katika karakana ya kushona sare za shule. Fundi Mkuu alipima, mimi nikaandika. Alitaja kila kipimo kwa sauti ya kufika barabarani, nami nikarudia kwa sauti ileile: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.

“Msichana, ukiandika sita mahali nimesema tisa, mtoto wa watu atavaa gunia,” aliniambia. “Kipimo si siri. Ni namba tu. Sema nikusikie!”

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofanya kazi karibu maisha yangu yote.

Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Nilijilipia chuo kwa kushona viraka, nikapata diploma ya ushonaji, kisha nikaenda nchi za Ghuba kushona katika hoteli kubwa. Mkuu wa Chumba cha Kushonea alikuwa mwanamke asiyejua kucheka. Aliwapanga wahudumu foleni, nami nikawapima nikitangaza namba kama mnadani. Siku moja aliniambia, “Wewe ndiye pekee ambaye kazi yake sifumui.” Wenzangu walikuwa kumi na mmoja.

Niliporudi nilinunua ploti Kitengela, nikajenga nyumba ya mawe na duka mbele yake. Mashine tatu za umeme. Diploma niliitundika kwenye fremu, ikitazama mlango, ili anayeingia aisome kabla ya kuuliza bei.

Ng’ambo ya barabara alikuwa Mama Naserian na cherehani moja ya kukanyaga. Hakusomea popote. Hata tepu hakutumia: alimzungushia mteja ukanda wa gazeti, akaukata alama ndogo kwa makasi, moja ya kifua, moja ya kiuno, akauandika jina na kuuchomeka kwenye msumari. Hakuna namba iliyotajwa wala kuandikwa. Niliwachekesha wateja wangu kwa ushamba huo. Lakini benchi lake lilijaa. Nilihesabu vichwa kupitia dirishani huku nikijifanya natunga uzi, na sitaficha, nilimwonea wivu.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mwalimu Rispa, mtu wa Kakamega aliyepanga nyumba nyuma ya duka langu. Alikuja na kitenge cha harusi ya kaka yake. Wanawake wanne walikuwa wamekaa wakisubiri, na mkata vitambaa wangu alishika daftari.

“Kiuno arobaini na nne!” nilitangaza. “Ala! Mwalimu, Desemba ulikuwa thelathini na nane. Huko shule mnapikiwa nini?”

“Mwalimu ako na raha zake,” mmoja akasema benchini, wakaangua kicheko.

Rispa pia alicheka. Hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu alicheka kutushinda sote.

Harusi ilipita, gauni likabaki kwenye hanga dukani kwangu, Rispa hakuja kulichukua. Kisha nikamwona akiingia kwa Mama Naserian. Mara ya kwanza, mara ya pili, kila alasiri, akiwa na jaketi zito juani. Siku ya tano nilivuka barabara.

“Supa, Mama Diploma,” Mama Naserian alinisalimu kwa Kimaasai. Jina hilo nilipewa na mtaa, nami nililipokea kama cheo.

“Wacha supa. Mwalimu Rispa ni wangu. Unamshonea nini?”

“Simshonei kitu. Anakuja kukaa tu.”

“Kukaa? Hapa ni hoteli?”

Aliweka makasi chini, akanivuta nyuma ya pazia. “Mama, huyo mtu hali chakula. Shule ameacha kwenda. Kioo cha kwake amekigeuza kiangalie ukuta. Jana ameniambia angependa alale asiamke. Kesho mimi na bwana yake tunampeleka hospitali.”

“Na mimi unaniambia ya nini?”

“Juu ya ile namba yako. Anasema bado anaisikia.”

Nilisema nitafunga duka twende pamoja. Nilimhurumia Rispa, hilo ni kweli, lakini pia sikutaka huyu mwanamke awe mwema peke yake.

“Hapana,” alisema. “Wewe baki.”

Kesho yake walirudi jioni, na Mama Naserian akanieleza. Daktari alikuwa ameuita ugonjwa huo sonona, yaani huzuni inayomkalia mtu wiki baada ya wiki hadi asiweze kula, kulala wala kujithamini. Ulikuwa umeanza kabla ya siku ile dukani, tangu alipofiwa na mama yake. Niliposikia neno “kabla” nililishika kwa mikono miwili. Lakini mshauri nasaha wa hospitali alieleza pia kwamba Rispa alipojitazama hakuuona mwili alionao. Aliona mkubwa zaidi, wa aibu, na kila alivyouchukia ndivyo huzuni ilivyozidi, na huzuni ikizidi aliuona vibaya zaidi. Alisema hata watu wembamba huugua hivyo, na wanaume pia. Nilikuwa nimepima miili maelfu bila kulijua hilo. Mwenye kanda za magazeti aliligundua kwa kumpa mtu kiti.

Nililifumua lile gauni. Kila fundi mzuri huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, nami nilikitumia chote ili lisimbane popote, nikalishona upya kwa mkono wangu, nikalipeleka kwake. Rispa alifungua mlango nusu.

“Madam, sina ubaya na wewe,” alisema. “Lakini hiyo nguo siwezi kuipokea kwako. Mpe Mama Naserian, nitaivaa kule kwake.”

Basi nikavuka barabara na gauni bora kuliko yote niliyowahi kushona, nikamkabidhi mtu asiye na cheti. Aliligeuza ndani nje, akakagua mshono mmoja mmoja. “Mkono wako ni mzuri, Mama,” alisema. “Mdomo ndio mkubwa.”

Matibabu yalichukua miezi mingi. Rispa alirudi darasani, akaanza kula, kikaanza kusikika kicheko chake, safari hii kidogo na cha kweli.

Mimi nimestaafu. Duka nimemwachia mkata vitambaa, na kabla ya kumpa funguo nilimwapisha: kipimo kinaandikwa kimya, daftari linafungwa, mwili wa mtu haujadiliwi, hata kwa kuusifu. Ninyi vijana mnaoshika tepu leo, lichukueni hilo bure.

Ijumaa Rispa hupita amevaa lile gauni. Wanawake humsimamisha, wakageuza kola, wakauliza fundi ni nani, kisha wakajijibu wenyewe: “Ni Mama Naserian, tulimwona Mwalimu akitoka nalo kwake.” Mimi huwa nimekaa barazani, hatua chache tu kutoka kwao, na wivu bado ninao. Nikisema ni kazi yangu, itabidi niseme pia kwa nini halikutoka mkononi mwangu. Basi huwasalimu, nikanyamaza.