Agosti Tuliyokwenda Kuona Mizabibu

Muuza matunda wa hapa Kawangware akifungua katoni ya zabibu, ule utamu uliochacha kidogo hunipanda puani, nami husimama pale kando ya barabara nikiwa mtoto tena.

Tuliishi Silanga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, karibu na bwawa. Mama yangu alikuwa amefariki, na Baba akamwoa Anti Pendo, mwanamke mpole wa Dodoma. Nilimwita Anti, lile neno lingine lilikataa kutoka mdomoni. Julai, ukungu ulipopanda kutoka bwawani na nguo zikakataa kukauka, alijifunga shuka mabegani akanisimulia kwao: tambarare isiyo na mwisho, udongo mwekundu wa kichanga, mvua ya miezi michache, halafu jua kavu ambalo mizabibu hulipenda.

"Huku kwenu zabibu zingeoza kabla hazijaiva," alisema.

Shule zilipofungwa, Baba akasisitiza niende na Anti nikaone.

Nakumbuka upepo wenye vumbi, na mbingu kubwa kuliko ile niliyoizoea kati ya mabati. Mizabibu ilitambaa juu ya nyaya, safu baada ya safu, mpaka ikayeyuka kwenye joto la mbali. Vichala vyeusi vilining'inia chini ya majani vikiwa na uvuguvugu wa jua. Anti alinieleza kwamba zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nyingi zikienda kutengenezwa mvinyo, na baada ya mavuno hukatwa matawi hadi udhani mmea umekufa. Juisi ilinichafua mpaka viwikoni.

Mama yake alikuwa shambani akivuna. "Sasa, Bibi!" nikamsalimia kama watoto wa mtaani kwetu, badala ya shikamoo, na wavunaji wakacheka mpaka wakaweka ndoo chini.

"Na huyu mtoto wa nani?" Bibi akauliza.

Anti aliinua uso, akanitazama.

"Mimi ni wake," nikasema, mdomo umejaa. "Huyu ni mamangu."

Anti akageukia mzabibu, akakata vichala harakaharaka, vingine vikianguka mchangani. Nilidhani amechoka na safari.

Tulirudi Nairobi pamoja, na hadi leo namwita Mama. Nilipokuwa mtu mzima ndipo Baba aliponiambia kwamba Agosti ile Mama alikuwa amebeba nguo zake zote. Alikuwa ameshaaga. Mimi ningerudishwa na binamu yake. Yeye angebaki kwao.

Nami nilidhani tulikwenda kula zabibu tu.